Muundo, Dhima na Mbinu: Historia ya Maswali Matatu na Nafasi Yake katika Taaluma ya Kiswahili

1. Utangulizi

Kila mwalimu wa fasihi ya Kiswahili amepata kusahihisha jibu la namna hii. Mwanafunzi ameulizwa kuhusu shairi la Abdilatif Abdalla liitwalo "Mamba", lililomo katika diwani ya Sauti ya Dhiki (1973). Naye kwa mwandiko safi amehesabu beti, mishororo na mizani, ameonyesha vina, kisha ameorodhesha mbinu za lugha moja baada ya nyingine: jazanda, tashihisi, takriri, inkisari. Mwishoni, chini ya kichwa "Dhima", ameandika kwamba mbinu hizo zinapamba lugha na kuyafanya mashairi yavutie. Mwongozo wa kusahihishia unamruhusu mwalimu kumpa alama zote, naye humpa. Mimi pia nimempa, si mara moja.

Hata hivyo, katika jibu lote hilo mwanafunzi hakuuliza kwa nini mshairi alimchagua mamba, wala kwa nini mshairi huyo, wakati ule na mahali pale alipokuwa, alihitaji mnyama wa kumsemea. Muundo ameuona, mbinu amezitaja, dhima ameiandikia kichwa. Lakini shairi limempita.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi hali hiyo ilivyozuka. Hoja yangu ni kwamba muundo, dhima na mbinu si sehemu tatu za kazi ya sanaa au ya lugha zinazoweza kugawanywa kama vipande vya nyama, bali ni maswali matatu yanayoulizwa juu ya kitu kimoja. Maswali hayo yamezaliwa katika taaluma mbalimbali, kwa nyakati mbalimbali, na yametufikia sisi wanafunzi wa Kiswahili kwa njia tofauti. Kila yalipotenganishwa, uchunguzi umepungukiwa, na aliyepata hasara kubwa ni msemaji au mtunzi mwenyewe ambaye kazi yake ilikuwa ikichunguzwa. Ili kuonyesha hayo, nitaanza na maneno yenyewe, nifuate historia yake katika elimu ya viumbe, katika anthropolojia na katika uhakiki wa fasihi, kisha nirudi nyumbani kwenye mifano miwili: ngeli za nomino na mjadala wa ushairi.

2. Maneno yenyewe

Neno "muundo" linatokana na kitenzi "unda". Watu wa pwani hawaundi nyumba, hujenga. Kinachoundwa hasa ni chombo cha baharini. Kwa hiyo neno hili limebeba tangu mwanzo wazo la vipande vilivyounganishwa ili vielee na kusafiri. "Dhima" ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni wajibu au jukumu alilotwikwa mtu. Katika matumizi ya kitaaluma limekuja kumaanisha kazi ambayo kitu kinaitekeleza, na wengine hulitumia neno "uamilifu" kwa maana iyo hiyo. "Mbinu" nayo ni njia ya werevu ya kupatia jambo. Karibu yake lipo neno "kunga", yaani siri au mafunzo ya ndani wanayopewa wari unyagoni. Si ajabu kwamba K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi walipotaka kueleza ufundi wa utunzi mwaka 1979, kitabu chao walikiita Kunga za Ushairi na Diwani Yetu.

Tuchukue mfano wa mtepe, chombo cha kale cha upwa wa Lamu ambacho leo hakisafiri tena. Mbao zake hazikupigwa misumari, bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mtu anaweza kuuliza: mtepe umeundwaje? Hilo ni swali la muundo. Anaweza kuuliza: ulikuwa wa nini? Hilo ni swali la dhima. Jibu ni kwamba ulichukua boriti na shehena nyingine kati ya bandari ndogondogo zenye mafungu na miamba. Tena anaweza kuuliza: fundi alitumia ujuzi gani ili muundo huo utimize kazi hiyo? Hilo ni swali la mbinu, na jibu lake ni ule ushonaji, ambao uliuwezesha ubavu wa chombo kunepa ulipogusa mwamba badala ya kupasuka. Anayesema "mtepe umeshonwa" akanyamaza, amesema kweli, lakini hajaeleza chochote. Ushonaji unaeleweka pale tu unapowekwa kati ya mbao na mwamba.

3. Kutoka elimu ya viumbe hadi elimu ya jamii

Mgogoro baina ya muundo na dhima haukuanzia katika isimu wala fasihi. Mnamo mwaka 1830, katika Chuo cha Sayansi cha Paris, wataalamu wawili wa viumbe, Georges Cuvier na Étienne Geoffroy Saint-Hilaire, walibishana hadharani. Kisa kilikuwa ni wanyama wa jamii ya pweza na ngisi: je, mpangilio wa viungo vyao unaweza kulinganishwa na ule wa wanyama wenye uti wa mgongo? Geoffroy alishikilia kwamba wanyama wote wamejengwa kwa mpango mmoja, na kwamba kiungo kinatambulikana kwa nafasi yake katika mpango huo, hata kama kazi yake imebadilika. Cuvier alijibu kwamba kazi ndiyo inayotawala: viungo vya mnyama vimepangika kulingana na maisha anayoishi, na panapofanana umbo ni kwa sababu pamefanana mahitaji.

Mjadala huo ulimvutia sana Goethe, mshairi wa Ujerumani ambaye pia alikuwa mchunguzi wa mimea, na ambaye ndiye aliyelieneza neno "mofolojia" kwa maana ya elimu ya maumbo. Neno hilo likavuka mipaka. Mwaka 1859 August Schleicher alilitumia kwa lugha, na tangu hapo wanaisimu wamezungumza juu ya mofolojia ya maneno kana kwamba maneno ni majani au mifupa. Yafaa tukumbuke asili hiyo kila tunapowafundisha wanafunzi mzizi, shina na viambishi: sehemu ya istilahi hizo imetoka shambani.

Elimu ya jamii nayo iliazima kutoka huko huko. Émile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1895 kuhusu kanuni za mbinu ya elimu-jamii, alionya kwamba kueleza kazi ya jambo si sawa na kueleza chanzo chake, na kwamba maswali hayo mawili sharti yatenganishwe. A. R. Radcliffe-Brown, katika makala ya mwaka 1935, aliifananisha jamii na mwili ulio hai: muundo ni mtandao wa mahusiano ya watu, na dhima ya desturi yoyote ni mchango wake katika kuudumisha muundo huo. Bronislaw Malinowski, aliyekuwa akifundisha London, alilitumia neno lilo hilo kwa maana nyingine. Kwake yeye dhima ilikuwa ni namna desturi inavyotosheleza mahitaji ya binadamu. Tangu mapema, basi, neno moja lilikuwa na maana mbili, na wengi waliosoma baadaye hawakuzitenga.

4. London katika miaka ya 1930: mtu mmoja, vitabu viwili

Ni katika London hiyo ndipo historia hii inapokutana na yetu. Katikati ya miaka ya 1930 Jomo Kenyatta alikuwa akihudhuria masomo ya anthropolojia kwa Malinowski. Wakati huo huo, kati ya mwaka 1935 na 1937, alikuwa ameajiriwa katika idara ya fonetiki ya chuo kingine cha mji huo, akimsaidia Lilias Armstrong kuchunguza matamshi ya Kikuyu. Kutokana na kazi hizo mbili vilitokea vitabu viwili. Cha kwanza ni Facing Mount Kenya (1938), alichokiandika Kenyatta mwenyewe na Malinowski akakiandikia dibaji. Cha pili ni The Phonetic and Tonal Structure of Kikuyu, kilichochapishwa mwaka 1940 baada ya Armstrong kufariki mwishoni mwa mwaka 1937.

Tuvitazame vitabu hivyo sambamba. Katika cha Armstrong neno "muundo" limo katika jina lenyewe. Ni kazi ya uangalifu mkubwa, na mchango wake katika uchunguzi wa toni za lugha za Kibantu ungali unaheshimiwa. Lakini humo msemaji ni sauti: anatamka, naye mtaalamu anaandika kupanda na kushuka kwa toni. Anachokisema kina maana kwa kadiri kinavyoonyesha umbo.

Katika Facing Mount Kenya msemaji yule yule amegeuka kuwa mwandishi, naye ameichagua nadharia ya dhima kwa sababu maalumu. Wakati ule serikali ya kikoloni na wamisionari walizichukua desturi za Wagikuyu moja moja, wakaihukumu kila moja peke yake: hii ya ardhi haina sheria, ile ya jando ni ya kishenzi. Kenyatta alijibu kwamba hakuna desturi inayosimama peke yake. Umiliki wa ardhi, ukoo, rika, ibada na elimu ya watoto vimefungamana, na anayeng'oa kimoja anautikisa mwili mzima. Nadharia iliyozaliwa katika darasa la Uingereza ikawa ngao ya kulindia ardhi ya Waafrika.

Lakini ngao hiyo ilikuwa na kasoro yake. Nadharia inayosema kwamba kila desturi ina kazi ya kuidumisha jamii hupata tabu kueleza kwa nini jamii hubadilika, na kwa nini ndani ya jamii moja desturi inayomfaa mzee huweza kumdhulumu kijana au mwanamke. Anayeuliza "ina kazi gani?" hana budi kuongeza "kwa nani?" Swali hilo la pili tutalikuta tena gerezani.

5. Mbinu: kutoka Urusi hadi Prague

Wakati anthropolojia ikishughulika na dhima, wahakiki vijana wa Urusi walikuwa wamelishika swali la tatu. Kundi hilo, ambalo hapa nitaliita la Wanamaumbo, lilianza kujitokeza miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1917 Viktor Shklovsky alichapisha makala ambayo jina lake lilitangaza kwamba sanaa ni mbinu. Hoja yake ilikuwa kwamba mazoea huyaua macho yetu. Vitu tunavyoviona kila siku hatuvioni tena. Kazi ya mbinu za sanaa ni kuvifanya vitu vya kawaida vionekane vigeni ili tuvione upya. Alitoa mfano wa hadithi ya Tolstoy ambamo msimulizi ni farasi: farasi huyo anapostaajabia jinsi binadamu wanavyosema "changu", msomaji naye huanza kuistaajabia dhana ya kumiliki mali.

Ni muhimu kuona kwamba katika mfano huo mbinu haikutenganishwa na kazi yake. Hata hivyo, katika ushupavu wa miaka ile ya mwanzo Shklovsky aliwahi kuieleza kazi ya fasihi kama jumla ya mbinu zake. Fikra hiyo ikifuatwa bila uangalifu huzaa orodha, nayo orodha ndiyo tuliyoikuta katika karatasi ya mwanafunzi wetu.

Aliyeirekebisha alikuwa mwenzake, Yury Tynyanov. Katika makala ya mwaka 1927 kuhusu mageuzi ya fasihi, alieleza kwamba mbinu moja huwa na dhima tofauti kulingana na mfumo wa kazi inamotumika na zama zake. Maneno ya kale katika utungo wa mshairi mmoja huweza kuuinua mtindo. Katika utungo wa mwingine, wa zama nyingine, yakawa na kazi tofauti kabisa. Mfano huo unatufaa sana. Abdilatif Abdalla anapolipa shairi lake jina la "N'shishiyelo ni Lilo", umbo hilo la kitenzi ni la Kimvita, lugha ya watu wake. Dhima yake ni kusimama alipozaliwa na kusema kutoka hapo. Mshairi mwingine ambaye si mzawa wa mwambao akilitumia umbo lilo hilo, huenda dhima yake ikawa ni kujinasibisha na mapokeo ya ushairi yenye hadhi. Inkisari ni ile ile, lahaja ni ile ile, lakini si jambo moja.

Mwaka 1928 Vladimir Propp alichapisha Mofolojia ya Ngano. Alichunguza ngano 100 za Kirusi, akaonyesha kwamba zimejengwa kwa matendo 31 yanayofuatana kwa utaratibu maalumu, na kwa aina 7 za wahusika. Matendo hayo aliyaita kwa neno ambalo kwa kawaida tungelitafsiri "dhima". Hapa ndipo watafiti wengi wa ngano zetu wanapojikwaa. Dhima ya Propp si kazi ya ngano katika jamii, wala si haja inayotoshelezwa, kama alivyosema Malinowski. Ni nafasi ya tendo katika mwenendo wa hadithi, yaani ni kipande cha muundo. Mtafiti anayezitafuta dhima 31 katika ngano za Kitaita au za Kipokomo, kisha akahitimisha kwamba ameeleza umuhimu wa ngano hizo kwa jamii, amevuka kutoka maana moja hadi nyingine bila kujua kwamba amevuka.

Kufikia mwaka 1930 mazingira ya kisiasa yalikuwa yamelinyamazisha kundi hilo nchini Urusi. Mbegu yake, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kuota kwingine. Katika Duru ya Isimu ya Prague, iliyoundwa mwaka 1926, Roman Jakobson, Jan Mukařovský na wenzao waliuchukua muundo na dhima kwa pamoja. Kwao lugha ni mfumo wa zana zenye makusudi, na umbo lolote huchunguzwa kwa kuuliza linatumikia kusudi gani katika mawasiliano. Huko ndiko, kwa maoni yangu, maswali yetu matatu yalikokaa pamoja kwa amani kwa mara ya kwanza.

Kwa upande wa fasihi simulizi ya Afrika, Ruth Finnegan katika Oral Literature in Africa (1970) alitoa onyo kama hilo. Alizikosoa nadharia zilizoigeuza hadithi kuwa chombo tu cha kuidumisha jamii, na pia zile zilizoipunguza ikabaki muundo mtupu, akatukumbusha kwamba hadithi husimuliwa na mtu, mbele ya watu, kwa sauti na ishara.

6. Ngeli: umbo au upatanisho?

Turudi sasa nyumbani. Wasomaji wa jarida hili wanaufahamu vyema ubishi kuhusu ngeli za Kiswahili, lakini pengine hatujauona kuwa ni tawi la mjadala ule wa Paris.

Edward Steere, katika mwongozo wake wa lugha ya Kiswahili wa mwaka 1870, aligawa nomino katika makundi manane. Wilhelm Bleek, katika sarufi linganishi aliyoitoa mwaka 1862 na 1869, alikuwa amehesabu viambishi vya umoja na vya wingi kila kimoja peke yake, na Carl Meinhof akauendeleza utaratibu huo. Kwa mtazamo wa ulinganishi ulikuwa utaratibu wenye faida kubwa: kiambishi kinatambulikana kwa umbo na nafasi yake katika mpango wa lugha zote za Kibantu, hata kama katika lugha moja kazi yake imefifia. Huo ni msimamo wa Geoffroy. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliendelea kuzipanga ngeli kwa viambishi lakini akaeleza pia fikra zinazofungamana na kila ngeli.

Baadaye walimu wengi, hasa katika shule za Kenya, waliuchagua utaratibu wa upatanisho wa kisarufi: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI na kadhalika. Sababu yao ilikuwa ya haki. Mtoto akifundishwa kwamba kipofu na kifaru ni wa ngeli ya KI-VI kwa sababu ya umbo, atasema "kifaru kimekuja", ilhali wasemaji husema "kifaru amekuja". Ngeli itambulikane kwa kazi yake katika sentensi. Huo ni msimamo wa Cuvier.

Lakini upatanisho nao haukuumaliza ubishi. Tunasema "rafiki yangu amekuja" na "ng'ombe zangu wamepotea": kitenzi kinafuata uhai wa nomino, kivumishi kimilikishi kinafuata njia nyingine. Katika tungo hizi fupi nomino moja imepatanishwa kwa njia mbili. Msimamo wa umbo peke yake unashindwa kumweleza kifaru, na msimamo wa upatanisho peke yake unashindwa kumweleza rafiki.

Tena kuna jambo la tatu ambalo pande zote mbili hulitaja pembeni tu. Mtu akisema "kijitu hiki kimekuja kutusumbua", amemtoa binadamu katika A-WA akamtia katika KI-VI. Kosa la sarufi halipo, kuna dharau. Kinyume chake, "kitoto changu" katika kinywa cha mama huwa ni mapenzi. Hapa umbo na upatanisho vyote viwili vimegeuzwa mbinu, na dhima ya mbinu hiyo haijulikani mpaka tujue nani anamwambia nani. Msemaji wa kawaida, asiyepata kusikia jina la Meinhof, anayashika maswali yote matatu kwa mara moja. Ni sisi wataalamu tuliomgawia kila mmoja wetu swali lake.

7. Vina, mizani na gereza

Mfano wa pili ni mjadala wa ushairi. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichoziandika kanuni za vina, mizani na beti ambazo washairi walikuwa wakizifuata. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani iliyojulikana hasa kwa mashairi yasiyofuata kanuni hizo. Ubishi ukawaka. Upande mmoja ulisema kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi. Upande wa pili, ambao Kahigi na Mulokozi walikuwa miongoni mwa watetezi wake, ulisema kwamba vina na mizani ni mazao ya historia, wala si kiini cha ushairi. Katika miaka ile ile, hasa Dar es Salaam baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, uhakiki ulishika istilahi za fani na maudhui, na wahakiki wengi wakasisitiza kwamba maudhui ndiyo yanayotangulia.

Kila upande uliuliza swali moja. Watetezi wa mapokeo waliuliza juu ya muundo, wapinzani wao wakauliza juu ya historia na maudhui. Ni wachache waliouliza: vina na mizani vilikuwa vikifanya kazi gani? Utenzi wenye mizani minane kwa kila kipande, na kina cha mwisho kinachorudi ubeti baada ya ubeti, ni chombo kilichoundwa ili kisa kirefu kisafiri kwa kughaniwa na kukumbukwa. Shairi lenye mizani kumi na sita, likiwa limegawanyika nane kwa nane, ni chombo cha kuimbwa na cha kujibizana. Kezilahabi alikuwa akimwandikia msomaji anayekaa peke yake na kitabu chake, akijiuliza maswali yasiyo na kiitikio. Safari ilikuwa nyingine, na chombo kikawa kingine. Wala mtepe wala meli haina kosa. Kosa ni kuishutumu meli kwamba haikushonwa.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo niliwasilisha uchambuzi wa shairi la kimapokeo. Nilichora jedwali zuri la vina, mizani na mbinu. Mwalimu wangu, ambaye hakujua Kiswahili, alilitazama kwa muda, kisha akaniuliza: "Liliimbwa wapi, na nani alikuwa akisikiliza?" Sikuwa na jibu. Niliona haya, kwa kuwa swali hilo angeliuliza bibi yeyote wa pwani kabla ya kuuliza jingine lolote.

Na sasa turudi kwa mamba. Abdilatif Abdalla alifungwa kutoka mwaka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wake wa mwaka 1968, Kenya: Twendapi? Serikali iliyomfunga ilikuwa ya Jomo Kenyatta, yule yule ambaye miaka thelathini kabla yake aliifanya dhima kuwa ngao dhidi ya wakoloni. Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyatunga gerezani, mengine akiyaandika juu ya karatasi za chooni. Diwani ilipotoka ilipewa, mwaka 1974, tuzo ya fasihi yenye jina la Kenyatta mwenyewe.

Mshairi aliye katika hali hiyo anahitaji nini? Anahitaji umbo ambalo kichwa kinaweza kulihifadhi ikiwa karatasi itanyang'anywa. Vina na mizani vinampa umbo hilo. Anahitaji kuwasemesha watu wake katika sauti wanayoitambua. Kimvita na mapokeo ya ushairi wa Mombasa vinampa sauti hiyo. Tena anahitaji kumzungumzia mwenye nguvu bila kumtaja. Mamba anayejivunia nguvu zake mtoni, akasahau kwamba naye atakufa, anampa njia hiyo. Muundo, dhima na mbinu hapa si vichwa vitatu vya jibu la mtihani. Ni jambo moja, na jambo hilo ni mtu aliyekataa kunyamaza. Anayeandika "jazanda: inapamba lugha" amemrudisha mshairi kifungoni, kwa kuwa amemwondolea kile alichokitungia shairi.

8. Hitimisho

Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa pamoja na kuanza kwa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, vizazi vya wanafunzi nchini Kenya vimejifunza kuorodhesha. Mfumo huo sasa unaondolewa hatua kwa hatua na kuachia nafasi mtaala wa umilisi, lakini mabadiliko ya mtaala hayatabadilisha swali la mtihani ikiwa sisi tunaowafunza walimu hatutabadili namna tunavyouliza.

Sipendekezi tuache kuhesabu mizani wala kutaja tamathali. Asiyejua kuhesabu mbao hawezi kueleza chombo. Ninapendekeza tu kwamba kila mbinu inayotajwa ifuatwe na maswali mawili: inashika mahali gani katika muundo wa utungo huu, na inamfanyia nani kazi gani? Mwanafunzi asiyeweza kuyajibu asipewe alama ya kutaja peke yake. Na mtafiti anayetumia neno "dhima" aseme wazi kama anamfuata Malinowski, Radcliffe-Brown, Propp au Prague, maana hao ni watu wanne wenye maana nne.

Kwa upande wangu nimeanza na karatasi zangu. Mwaka huu nilipotunga swali juu ya "Mamba" nililiondoa neno "orodhesha", nikauliza badala yake: kwa nini mamba? Majibu yalikuwa mafupi kuliko ya miaka iliyopita, na alama zilishuka. Lakini kwa mara ya kwanza nilisoma karatasi ambazo ndani yake alikuwamo mfungwa.